Lebo Nayo Ni Kipimo

Wanangu, kwanza pokeeni pongezi. Mkoa wetu wa Tanga umeuza singa za mkonge kwa zaidi ya miaka mia, na waliozisokota na kuzifuma wakawa watu wa mbali. Leo vijana wa Kigombe wanafuma mikoba wenyewe, na wageni waendao Pangani wanasimama kununua. Ni jambo la heri. Nililowaitia ni hiki kikaratasi mnachotaka kukifunga kwenye mkono wa mkoba: jani la kijani, picha ya samaki silikanti, na chini yake maneno "Rafiki wa mazingira kwa asilimia mia moja."

Nisikilizeni kwa subira, maana na mimi nazungumza kwa subira. Habari hii nimeshaisema kwa wauza sabuni, kwa wauza asali, kwa wauza mafuta ya nazi, na kila mara huambiwa kwamba mzee hajui soko. Sawa. Lakini hebu nijibuni: hiyo mia imepimwa na nani?

Singa huoza ikirudi ardhini. Hilo ni kweli, sina neno nalo. Ila singa haikudondoka kutoka mbinguni. Katika kilo mia za majani ya mkonge, singa kavu ni kilo nne hivi. Zilizobaki ni nyama ya jani na maji. Korona, ile mashine ya mkonge, inapolichuna jani, maji mengi hutumika kusafishia singa, na yale machafu hutoka na uchachu wake na makapi yake. Yakiachiwa yaingie mtoni, makapi yanapooza hula hewa iliyomo majini, na samaki hufa. Aliyewahi kufanya kazi karibu na korona anaijua ile harufu bila kuelezwa. Dakta Richard Hindorf alipoleta mkonge mwaka 1893, miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, kule Pangani. Tangu hapo tumehesabu tani zilizopanda meli. Maji machafu tuliuachia mto uyabebe.

Wala msiniambie hakuna la kufanya. Pale Hale, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kugeuza mabaki ya mkonge kuwa biogesi, na biogesi kuwa umeme. Kwa hiyo mkimuuliza mwenye kuwauzia singa, "Mabaki yako unayapeleka wapi?" hamtakuwa mmemuuliza jambo lisilowezekana. Je, mmemuuliza? Na rangi mnayotilia, ile nyekundu na ile ya buluu, ni rangi ya nini, na maji yake mnayamwaga wapi? Zipu ni plastiki. Bitana ni poliesta. Mia imeshavunjika kabla mkoba haujatoka mlangoni.

Mnakumbuka tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini. Ilikuwa hatua njema na naiunga mkono mpaka leo. Ikaja mifuko mbadala, laini mkononi, na watu wengi wakaichukua wakidhani ni kitambaa. Ni polipropilini: plastiki iliyofanywa nyuzi, nyuzi zikabanwa pamoja. Iliruhusiwa kwa sharti kwamba iwe mizito ya kutosha kutumika tena na tena, gramu 70 kwa mita ya mraba. Hakuna aliyeahidi kwamba itaoza. Punde wakatokea wenye kuuza myepesi, inayochanika kabla unga haujafika nyumbani, na mingine nimeiona imechorwa jani la kijani lile lile mlilochora ninyi. Mama aliyeikunja akaiweka kabatini kwa imani hakukosa. Aliyekosa ni yule aliyechora jani akanyamaza kuhusu plastiki. Mkitembea kwenye mikoko maji yakiwa yametoka, mtaiona imenasa mizizini.

Sasa silikanti. Hapa nitawaomba zaidi, kwa sababu samaki huyu si pambo la kuuzia. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa pwani ya Tanzania walimkuta katika nyavu za papa ziitwazo jarife, zilizotegwa kwenye kina kirefu, na dunia ikatugeukia. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, na baba zenu wakaingia katika masharti mapya ya nyavu na maeneo ya kuvulia. Waliobeba uzito wa hifadhi ni wao, na wengine wao bado hawajaona walichoahidiwa. Mgeni akiiona picha ya silikanti kwenye mkoba wenu ataamini kwamba sehemu ya pesa yake inamlinda samaki huyo, au inawasaidia wavuvi waliomwachia njia. Mmetenga shilingi ngapi kwa kazi hiyo? Kama hamjatenga, mfuteni. Mkitenga, hata kama ni kidogo, mrudisheni na muandike kiasi.

Msidhani nawaonea ninyi kwa kuwa ni wadogo. Mwaka 2021 kampuni ya Total ya Ufaransa ilibadili jina ikawa TotalEnergies, ikajitangaza kwa rangi nzuri na kwa lengo la kusawazisha kaboni yake yote ifikapo 2050. Ndiyo hiyo hiyo yenye hisa 62 katika kila mia za bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, kaskazini mwa jiji letu la Tanga. Leo sitaki tubishane juu ya bomba. Lina wanaolitetea na wanaolipinga, na vijana wetu wamepata kazi huko. Ninachotaka mkijue ni kwamba mnamo Oktoba 2025 mahakama ya Paris iliamua kuwa baadhi ya matangazo yale yaliwapotosha wateja, ikaamuru yaondolewe. Kesi haikuwa juu ya kuchimba mafuta. Ilikuwa juu ya jinsi kampuni ilivyojieleza. Maneno peke yake yalitosha kuwa kosa.

Na hao Wazungu mnaotaka kuwauzia wameshachoka kudanganywa. Umoja wa Ulaya ulichunguza madai ya kimazingira mwaka 2020, ukakuta asilimia 53 ni ya jumla mno, au yanapotosha, au hayana msingi. Sheria yao mpya inaanza kutumika Septemba 2026, na chini yake huwezi kumuuzia mtu kitu kwa neno "rafiki wa mazingira" bila ushahidi. Hapa kwetu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, ingawa sijaona ikishikiwa bango katika mambo ya majani ya kijani. Ningependa kuiona.

Lakini kabla ya sheria zote hizo, ninyi mlikaa chuoni mkahifadhi Sura ya Al-Mutaffifin, na mnajua inawahusu kina nani: wapunjao vipimo. Mnunuzi wa Arusha au wa Hamburg hawezi kuja kuitazama korona. Kikaratasi chenu ndicho pishi anayopimiwa. Mkimwandikia mia, na ninyi hamjapima hata moja, mmempunja, ijapokuwa mkoba wenyewe ni mzuri na mikono iliyoufuma ni safi.

Mtaniambia jirani anaandika hivyo hivyo na anauza. Najua. Siwezi kuwaahidi kwamba maneno ya kweli yatauza zaidi; mwanzoni huenda yakauza kidogo, na inaniuma kuwaambia hivyo, maana najua ada za shule zinasubiri. Hata hivyo nawaomba muanze hivyo, mkiwa bado wachache na mikoba bado michache, kwa sababu lebo ikishachapwa elfu kumi hakuna atakayekuwa na moyo wa kuirekebisha.

Andikeni hivi: "Mkoba huu umefumwa kwa mkono Kigombe, Tanga, kwa singa za mkonge. Singa huoza. Zipu na bitana ni plastiki; zitoe kabla ya kuutupa mkoba." Chini yake wekeni jina la rangi mnayotumia. Nafasi ya maji iacheni tupu kwanza. Jumatatu nendeni koronani mkaulize yanakwenda wapi na makapi yanafanywa nini. Mkipewa jibu, mwombeni aliyelitoa awaonyeshe kwa macho, kisha ndipo muandike. Msipopewa, rudini wiki inayofuata, na safari hiyo nitafuatana nanyi.