Je, Kupendeza Ndiko Kuwa Mwema?

Katika maneno ambayo mwanafunzi wa Kiingereza hujifunza mapema, mojawapo ni "nice". Chakula ni "nice", nguo ni "nice", hali ya hewa ni "nice", na jirani naye ni "nice". Neno hili latumika kila mahali, na kwa sababu hiyo twadhani kwamba twalijua. Lakini habari zake ni za ajabu, nazo zatufundisha jambo kubwa kuliko sarufi.

Asili yake ni neno la Kilatini "nescius", maana yake asiyejua. Lilipita katika Kifaransa cha kale, na Waingereza walipolipokea, yapata mwaka 1300, aliyeitwa "nice" alikuwa mpumbavu. Baadaye likawa neno la mtu mwenye kuchagua-chagua, asiyeridhika upesi. Kisha la jambo litakalo uangalifu mwingi, na hata leo Waingereza hulitumia kwa tofauti ndogo ambayo si rahisi kuipambanua. Katika karne ya 18 ndipo maana ya kupendeza ilipoenea. Bibi Jane Austen, katika kitabu chake Northanger Abbey, kilichotolewa mwishoni mwa 1817 baada ya kufa kwake, alimtia kijana mmoja alifanyiaye neno hili mzaha, kwa kuwa watu walikuwa wakisifia kila kitu kwalo.

Mzaha ule ulikuwa na sababu. Sifa ifaayo kila kitu haipimi kitu. Lugha yetu yatupa maneno mengi: chakula ni kitamu, nguo ni nzuri, upepo ni mwanana, mtu ni mwema. Tena wazee walituonya waliposema, Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Yaani lipendezalo macho si lazima liwe na wema ndani yake.

Basi twauliza: mtu apendezaye watu wote, ni mwema? Tumfikirie mwalimu aulizwaye na mzazi habari za mtoto wake. Mtoto hajui kusoma, na mwalimu ajua, lakini kwa kuogopa kumhuzunisha mzazi, ajibu, "Hajambo, anaendelea vizuri." Mzazi arudi nyumbani amefurahi, akimsifu mwalimu kwa upole wake. Na mtoto je? Mwaka wapita wala msaada hauji, kwa maana hapana aliyeambiwa kwamba wahitajiwa. Hapo maana ya kale yarudi: apendezaye amejifanya asiyejua.

Hatusemi kwamba adabu ni bure. Wako wajivunao kusema kweli, kumbe wapenda kuumiza tu. Nao si wema. Nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi kwa habari ya Uria, alianza na mfano wa mwana-kondoo wa maskini, mfalme apate kuhukumu mwenyewe. Lakini hakuiacha kweli nyuma. Adabu ilikuwa njia yake, na kweli ndiyo mzigo aliouchukua.

Nasi yatupasa kufanya vivyo. Tukitaka kumsifu mtu, tutafute neno limfaalo. Na tukiwa na neno zito la kumwambia, tulipeleke kwa upole, lakini tulifikishe. Kupendeza ni vema, bali mtu mwema hukubali hata kutopendeza kwa saa moja, ili mwenziwe asipotee.