Mgeni Njoo, Lakini Baraza Iko Wapi?

Mshikaji wangu mmoja niliyesoma naye sekondari alipata kiwanja cha ufukweni kaskazini ya Bagamoyo, upande wa kuelekea mlango wa Mto Ruvu. Akaniita. Alikuwa anajenga mabanda sita ya wageni, madogo madogo, ya nguzo za miti na paa la makuti. Eti kwa kuwa mimi ni mwandishi, nimwandikie karatasi ya kuwavutia watalii. Malipo aliyonitajia yalizidi ya hadithi zangu zote zilizowahi kuchapishwa. (Wewe ndugu msomaji unayehangaika na kalamu unajua hayo si makubwa.) Neno moja tu alitaka lisikose: asilia. Mabanda asilia, yasiyodhuru mazingira.

Nikaenda kuyaona. Banda la kwanza lilikuwa limekwisha ezekwa, na fundi, mzee wa pale pale kijijini, amekaa kivulini anapumzika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Nikamsifia kazi yake. Akaliangalia lile banda kwa muda, kisha akasema: "Nimejenga nyumba nyingi. Hii haina baraza. Mimi nikija kumjulia hali mgeni, nikae wapi?"

Nilicheka, nikadhani ni utani wa wazee. Lakini niliporudi Dar na kushika kalamu, neno "asilia" likagoma kuandikika.

Tuanze na miti. Boriti za mikoko ndizo zilizojenga pwani hii, na majahazi yalizibeba hadi Uarabuni na Ghuba ya Uajemi kwa karne nyingi. Hata vyumba vya nyumba za mawe za zamani ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Basi ukisema nguzo ya mkoko ni asilia hujadanganya. Lakini mkoko huo huo ndio unaoshika tope lisichukuliwe na maji, na kwenye mizizi yake ndiko kamba na samaki wadogo wanakokulia. Leo misitu ya mikoko nchini ni hifadhi, na kuikata kunataka kibali. Kwa hiyo kitu kinaweza kuwa cha asili kabisa, na bado kukitumia kukawa dhuluma.

Utasema, basi tujenge kwa mawe, kama wazee wa Kaole ambao magofu ya misikiti yao yamesimama tangu karne ya 13. Sawa, lakini yale mawe ni matumbawe, na chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa kwa lundo la kuni. Ukija kwenye saruji, inataka mchanga, nao mchanga unachotwa mtoni au ufukweni. Hakuna nyumba isiyokula kitu, ndugu yangu. Udogo wa banda una maana yake hapo, kwamba linakula kidogo. Lakini kula kidogo kwenye sahani ya jirani bado ni kula kwenye sahani ya jirani.

Swali hili si letu peke yetu. Mwaka 1970 vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizusha mjadala mkali katika gazeti la The Standard: je, nchi inayojenga ujamaa itafute fedha kwa kujenga hoteli za watalii? Wengine wakajibu kwamba fedha za kigeni zinahitajika, na kukataa ni kujinyonga. Mwaka 1973 Issa Shivji akakusanya mjadala ule katika kitabu. Wale vijana waliogopa kwamba mwenyeji atageuka mtumishi kwake mwenyewe. Sidhani waliogopa bure. Lakini tukubali pia kwamba wao walikuwa na chuo na posho. Kijana wa Bagamoyo asiye na mtaji wala ajira, ukimwambia akatae kazi ya utalii kwa ajili ya heshima ya taifa, atakuuliza heshima hiyo inapikwa na nini.

Wakati watu wanabishana, bahari nayo ilikuwa na hoja yake. Pale Kunduchi, hoteli ya Africana ilijengwa karibu mno na maji. Ufuko ukaliwa mwaka hadi mwaka, mpaka hoteli ikahamwa. Wataalamu walitaja pia mchanga uliokuwa ukichimbwa katika vijito vya karibu, ule ambao ungeshuka na kuujaza ufuko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kudhuru ndani ya mita 60 kutoka baharini. Banda la rafiki yangu nililipima kwa hatua zangu. Sikufika 60.

Sasa turudi kwenye baraza. Mzee hakuuliza juu ya miti wala saruji. Nyumba ya pwani ina mahali ambapo si ndani wala si nje. Mpita njia anakaa, anapewa maji au kahawa, na mwenye nyumba hajafunua siri za chumbani kwake. Banda la mtalii limefuta mahali hapo. Kibaraza kipo, ndiyo, lakini kimetazama bahari, na kijiji kimepewa mgongo na ua wa makuti. Kwenye ua huo ndipo ilipokuwa inapita njia ya kina mama wanaokwenda kupokea samaki.

Rafiki yangu alinijibu vizuri, nami simwonei. "Yule si mgeni, ni mteja. Amelipia faragha. Wewe ungependa watu wakuchungulie ukiwa umelala?" Kweli, nisingependa. Lakini faragha ni ya chumba, haiendi mpaka kwenye njia na kisima. Visima vya pwani vina maji matamu kidogo yaliyokaa juu ya maji ya chumvi. Ukiyavuta kwa pampu ili mteja aoge mara tatu kwa siku, chumvi inapanda, na jirani aliyekuwa akiteka kwa ndoo ndiye anayeionja kwanza. Mteja hakununua maji ya jirani, na rafiki yangu hakuwa nayo ya kuuza.

Wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumeishika nusu ya kwanza. Methali hiyo inamhukumu mgeni kwa hali ya mwenyeji: amepona au hajapona? Hata ile nyingine, ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu, ambayo Nyerere aliitumia mwaka 1962 kueleza ujamaa, inasema kitu hicho hicho. Mgeni ana wajibu. Na kama mteja ameununua wajibu wake kwa fedha, basi umehamia kwa yule aliyezipokea.

Nikamwandikia rafiki yangu karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya wageni, bila neno asilia. Niliandika kwamba mabanda ni madogo, paa ni la makuti, maji ni machache, tafadhali yatumie kidogo. Ya pili ilikuwa yake: sogeza mabanda yaliyobaki nyuma, mbali na maji, nguzo tumia mvinje wa kupandwa, jiko liezeke kwa bati ukinge mvua, fungua njia ya kina mama, na banda moja lipe baraza upande wa kijiji.

Hakufurahi. Alinilipa nusu, akasema karatasi yangu ya wageni inanuka mahubiri. Lakini majuzi amenipigia simu kuwa ua umefunguliwa upande mmoja, njia inapita. Baraza bado. Nimemwambia nitakwenda kuangalia, na kwamba nikifika nitakaa chini, pale nje ya banda, pamoja na mzee, mpaka mtu atuletee kiti.