Injini Ndogo

Vijana wapendao magari hubishana juu ya swali moja ambalo kwa sura yake ni la gereji, lakini ukilichungua utaona kuwa ni la maadili. Mtu ana gari dogo la silinda nne, lisilo na nguvu nyingi. Ataka kujifunza mchezo uitwao drifti, yaani kuliacha gari liserereke kwa makusudi konani, magurudumu ya nyuma yakienda upande, naye akilitawala kwa usukani na mafuta. Je, ajifunze kwa gari lile lile alilo nalo, au kwanza atafute injini kubwa zaidi? Upande mmoja husema ustadi hutangulia nguvu. Upande wa pili hujibu kwamba mfinyanzi hafinyangi pasipo udongo.

Katika insha hii nitaanza barabarani, kisha nitalipeleka swali hili mpaka kisiwa cha Remba, ambako hakuna barabara ya kupitisha gari. Sababu yangu ni hii: barabarani anayekosea jibu hupoteza tairi na kubonyeza mabati, ilhali ziwani injini ni riziki ya mtu na wakati mwingine ni uhai wake. Jibu lisiloweza kusimama ziwani halifai kuitwa jibu.

Gari huserereka pale mshiko wa tairi juu ya ardhi unaposhindwa. Injini yenye nguvu nyingi yaweza kuuvunja mshiko huo kwa dereva kukanyaga mafuta tu, hata kama kona ameiingia vibaya. Injini ndogo haiwezi. Dereva wake hana budi kuingia konani na mwendo alioukusanya mapema, kisha aguse breki ili uzito wa gari uegemee mbele na nyuma pabaki pepesi, au avute breki ya mkono kwa muda mfupi sana. Baada ya hapo kazi yake ni kuutunza mwendo ule kama mtu abebavyo maji katika viganja, kwani akiupoteza hana pa kuupata tena. Injini kubwa humfichia dereva makosa yake. Injini ndogo huyaanika yote. Mjapani Keiichi Tsuchiya, ambaye jina lake limefungamana na mchezo huu, alijipatia sifa kwa gari la Toyota liitwalo AE86, lililotengenezwa tangu 1983 hata 1987, lenye injini ya silinda nne ya lita 1.6. Halikuwa gari la kutisha mtu. Lilikuwa jepesi na lilisukumwa na magurudumu ya nyuma, basi.

Sisi wa Afrika Mashariki tunao mfano wetu, tena wa kale zaidi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, katika majira ya masika, ambapo barabara za udongo hugeuka kuwa tope na kila dereva huserereka apende asipende. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, pamoja na ndugu yake Jaswant, walishinda kwa gari la Volvo PV544 la silinda nne lililokwisha kutumika katika Safari ya mwaka uliotangulia. Mwaka 1974 alishinda tena, safari hii kwa Mitsubishi Lancer ya silinda nne na lita 1.6, huku nyuma yake akimwacha Björn Waldegård katika Porsche 911 ya silinda sita. Mwaka 1976 akarudia kwa Lancer. Watu wakamwita Simba.

Wengi huishia hapo, wakasema: mmeona, injini ndogo imeshinda kubwa, basi ridhikeni na mlicho nacho. Mimi siishii hapo, kwa kuwa hadithi hiyo imekatwa mkia. Joginder hakuwa mtu aliyeridhika na gari kama alivyolikuta. Alikua katika gereji ya baba yake, akawa fundi kabla ya kuwa bingwa. Aliijua kila nati ya gari lake, akajua palipo dhaifu na jinsi ya kupaimarisha. Zaidi ya hayo, Safari haikuwa mashindano ya mwendo mtupu. Maelfu ya kilomita za mawe, mito na tope ziliuliza swali jingine: ni gari gani litakalofika? Kwa swali hilo Lancer haikuwa dhaifu hata kidogo. Ilikuwa na nguvu ya aina iliyotakiwa, na Joginder alikuwa na akili ya kulitambua hilo.

Kwa hiyo mgogoro wa nguvu na ustadi, kama vijana wanavyouweka, umewekwa vibaya. Swali la kwanza si kama injini ni kubwa au ndogo. Swali ni hili: ninaposhindwa, nashindwa na nini? Dereva ambaye gari lake halikubali kuserereka konani yampasa ajue kama kasoro iko katika mkono wake au katika injini. Akiwa hajui, pesa atakazolipia injini mpya ni pesa za kamari. Tena injini mpya haiji peke yake. Yadai breki zinazoweza kuizuia, giaboksi isiyovunjika, na rejeta ya kuipoza. Na mwenye kubadili injini pekee hujikuta na gari linalokwenda kasi lakini lisilojua kusimama.

Sasa twende Remba. Ni kisiwa kidogo cha mawe katika Ziwa Viktoria, upande wa Kaunti ya Homa Bay, karibu na kisiwa cha Ringiti. Nyumba zake za mabati zimesongamana, na vichochoro kati yake ni vyembamba. Shamba la kutajwa hakuna. Wakazi wake ni Wakenya, na pamoja nao Waganda na Watanzania, wote wakiwa wameitwa na samaki: mbuta, ambaye jirani zetu wa kusini humwita sangara, na omena wanaovuliwa usiku kwa taa. Mbuta si mwenyeji. Alitiwa ziwani katika miaka ya 1950, akaongezeka mno katika miaka ya 1980, akala samaki wengi wadogo wa asili, na akaleta biashara ya minofu inayouzwa ng'ambo. Biashara hiyo ndiyo iliyoleta injini. Babu zetu walivua kwa kafi na tanga. Leo mashua nyingi za mbao hufungwa injini tezini, nyingine za nguvu za farasi 8 au 15, nyingine hata 40.

Mvuvi mwenye injini ya 8 ana swali lile lile la yule kijana wa gari, wala halikujificha. Anao ustadi mkubwa kuliko dereva yeyote wa mchezo: hujua upepo wa alfajiri utokako, hujua kulipokea wimbi kwa omo na si kwa ubavu, hujua kupunguza mafuta mashua inapopanda mgongo wa wimbi ili isije ikatumbukia upande wa pili. Akifika ufukoni baada ya mwenye injini ya 40, bei ya asubuhi imekwisha kushuka. Je, tumwambie aridhike kwa kuwa udogo wa injini humfunza? Amekwisha kufunzwa. Mwalimu anayemshikilia mwanafunzi darasa moja kwa miaka 20 hamfundishi tena, amemfungia. Nimewasikia watu wakiusifu unyonge wa wengine wakiwa wameketi katika viti vya starehe, na sijapata kumsikia mvuvi akiusifu. Udogo ni chuo kwa mtu aliyeuchagua na awezaye kuuacha siku apendayo. Kwa asiyeweza kuuacha, jina lake ni ufukara.

Liko pia jambo la tufani. Ziwa Viktoria lina tabia yake, na wataalamu wa hali ya hewa wameieleza. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Upepo huvuma kutoka pande zote za ufuko ukielekea katikati ya ziwa, hukutana huko, na hewa yenye unyevu hupanda juu ikawa mawingu ya radi. Ndiyo maana tufani nyingi za ziwa hili hutokea usiku, saa zile zile ambazo wavuvi wa omena wamewasha taa zao. Katika saa hiyo ustadi pasipo akiba ya nguvu huweza kushindwa. Mashua inayohitaji injini yake yote ili kusonga katika maji matulivu haina kitu cha ziada wimbi linapoinuka. Waswahili husema chombo cha kuzama hakina usukani, nami naiheshimu methali hiyo kama faraja kwa waliofiwa. Lakini kama shauri kwa aliye hai haifai, maana huwaondolea watu wajibu wa kuuliza kwa nini chombo kilizama.

Ungedhani basi nimekwisha kuipigia kura injini kubwa. Ngoja kidogo. Bei ya injini ya 40 yaweza kuwanunulia mabaharia wote wa mashua maboya ya kuvaa, na zikabaki pesa nyingi. Anayesema anataka injini kubwa kwa ajili ya usalama, na mashua yake haina boya hata moja, hasemi kweli, au hajajiuliza. Taarifa za hali ya hewa siku hizi hufika kwa simu, nazo hazidai petroli. Kama ni usalama tunaoutafuta, injini ni ya tatu au ya nne katika orodha.

Tuseme ukweli basi: aghalabu injini kubwa hutafutwa ili kufika mbali zaidi na mapema zaidi. Hilo si kosa, lakini lina hesabu yake. Katika fizikia mmefundishwa kwamba ukinzani wa maji huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, na nguvu inayotakiwa kwa kipeo cha tatu. Anayetaka mwendo maradufu atahitaji nguvu mara 8. Mashua halisi hazifuati kanuni hiyo sawasawa, ila dumu la petroli humkumbusha mwenyewe kwamba kanuni haiko mbali. Na huko mbali kuna nini? Sehemu ya Kenya ni takribani asilimia 6 tu ya ziwa lote. Mpaka haukuchorwa juu ya maji. Mashua yenye mwendo huuvuka kabla nahodha hajamaliza kuzungumza, na wavuvi wa Kenya wamekamatwa mara nyingi upande wa Uganda, wakapoteza nyavu, injini na uhuru wao. Mzozo wa kisiwa cha Migingo, uliovuma mwaka 2009, ulikuwa mzozo wa mwamba mdogo mno. Kilichogombewa hasa ni maji yanayouzunguka na samaki waliomo.

Tena samaki wenyewe hawaongezeki kwa sababu injini zimeongezeka. Hapa ndipo ziwa linapoachana na barabara. Kijana akibadili injini ya gari lake, kona haipungui. Wavuvi wote wa ufuko mmoja wakibadili injini zao, kila mmoja hufika mbali zaidi na kukuta kwamba jirani naye amefika. Yule wa 15 amekuwa wa 40, naye yuko nyuma ya wenziwe kwa kiasi kile kile, ila sasa anateketeza petroli nyingi zaidi kila safari. Mtu mmoja mmoja ametenda jambo la busara, na wote pamoja wametenda upumbavu. Ustadi wa mkono hauponyi hali hiyo, wala nguvu ya injini haiiponyi, kwa sababu kasoro haiko mkononi wala injinini. Iko katika kukosa mapatano juu ya nyavu za matundu madogo, juu ya mahali samaki wanapozalia, juu ya msimu wa kupumzika. Mapatano kama hayo yamejaribiwa: Kenya ina vikundi vya ufuko vya kusimamia uvuvi, na nchi tatu za ziwa zina shirika lao la pamoja lililoanzishwa mwaka 1994. Ni kazi ya polepole, na haivutii macho kama injini mpya iliyofungwa tezini.

Limebaki moja, nalo ndilo linalonisumbua zaidi. Katika mbishano wa magari, mwenye gari ndiye mwenye kuendesha, ndiye mwenye kulipa. Ziwani mara nyingi sivyo. Mwenye mashua yumo nchi kavu. Waendao majini ni mabaharia aliowaajiri. Kwa desturi ya fuko nyingi, samaki wakiuzwa, gharama ya petroli hutolewa kwanza, ndipo kinachobaki kigawanywe kati ya tajiri na watu wake. Kwa hiyo injini ikikua, sehemu ya petroli yake hutoka katika mgao wa baharia. Yeye ndiye akaaye usiku kucha mkono juu ya mpini wa injini, akisikiliza radi. Akikamatwa ng'ambo ya mpaka, atakayelala mahabusu ni yeye. Yeye ndiye ajuaye, kuliko mtu yeyote, kama mashua ile yashindwa kwa sababu ya injini, au nyavu, au ziwa lenyewe. Lakini siku injini inaponunuliwa, aghalabu haitwi kuulizwa neno.