Maji Wanayobakiziwa Wengine

Soma Ezekieli 34:18, 19. Ikiwa kunywa maji si dhambi, kondoo hawa wanakemewa kwa kosa gani?

Nabii hawalaumu kwa kiu yao. Walikunywa maji safi wakashiba, kisha wakayavuruga kwa miguu yale yaliyosalia, na wenzao wakanywa tope. Hapa hakuna aliyempiga mwenzake. Habari ya pembe inakuja baadaye, katika fungu la 21. Huenda waliovuruga hawakugeuka hata kuona nani anakunywa nyuma yao.

Wakazi wa Katavi wanaujua mto wa namna hiyo. Maji ya Katuma humwagilia mpunga kabla ya kuingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na mwisho wake ni Ziwa Rukwa. Yakichepushwa kwa wingi huko juu, wakati wa kiangazi viboko hubanana katika vidimbwi vya matope ndani ya hifadhi. Hayo huonekana na kupigwa picha. Lakini mtu akisuuza bomba la kupulizia dawa mtoni jioni, kufikia asubuhi sumu imekwisha kwenda na maji. Akiulizwa, atasema, “Tazameni, si maji safi haya?” Naye hasemi uongo.

Wanaoweza kumjibu ni wadudu. Mtanzania Lulu Kaaya, alipokuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cape Town, alichunguza viumbe wadogo wa mito ya Tanzania. Kutokana na kazi hiyo, yeye na wenzake walichapisha mwaka 2015 mfumo wa kupima afya ya mito uitwao TARISS. Mtafiti huingia mtoni na wavu, huvuruga mawe kwa miguu (naam, naye huvuruga, ila kwa dakika chache), kisha humimina alichokipata katika sinia jeupe. Kila jamii ya wadudu ina alama zake. Wale wasiovumilia uchafu, kama baadhi ya wadudu wadogo wenye mikia mitatu wanaojishikiza chini ya mawe, hupewa alama kubwa. Vibuu vyekundu vinavyoweza kuishi katika tope lenye hewa kidogo hupewa alama ndogo. Chupa ya maji hueleza hali ya siku ilipojazwa. Wadudu, kwa kuwa wengi hukaa majini majuma au miezi kabla ya kuota mabawa, hueleza yaliyopita usiku ambao hakuna aliyekuwa akitazama.

Hata hivyo wadudu hawamtaji mkosaji. Sinia lenye vibuu vyekundu peke yake halisemi kama ni dawa ya shamba, ni machimbo ya dhahabu, au ni mto uliokauka tu. Kila mtu anaweza kusema, “Si mimi.” Soma Kumbukumbu la Torati 21:1-9. Maiti ikionekana uwandani na muuaji hajulikani, wazee hawakuruhusiwa kunyamaza. Umbali ulipimwa, na wazee wa mji ulio karibu zaidi walishuka hadi bonde lenye maji yanayotiririka, wakanawa mikono na kutoa ushuhuda mbele za Mungu. Kutojulikana kwa mkosaji kuliwafanya wote wawajibike.

Mwanafunzi anayepima mto naye hasalimiki. Akiandika tasnifu kwa Kiingereza, akapata shahada na kuiacha rafuni, wale waliomwazima mtumbwi na kumwonyesha vivuko hawatajua alichokiona. Yakobo 4:17 linamhusu yeye kabla ya kumhusu mkulima. Tena arudi na sinia, si na lawama, maana mpunga ndio unaotunza watoto katika nyumba nyingi za huko, na Ezekieli hakuwaamuru kondoo wakae na kiu.

Kwa mjadala wa darasa: Mkulima wa ekari mbili ameonyeshwa sinia hilo. Majirani zake wote husuuza mabomba mtoni, na wanaokunywa kule chini hawajui hata majina yao. Yeye peke yake aanze na nini juma hili? Na kanisa lililo karibu zaidi na mto huo je?