Mgeni Asiye na Mwenyeji

Mnamo Septemba 1926 meli iitwayo Ryndam iling'oa nanga kutoka eneo la New York ikiwa na wanafunzi wapatao mia tano wa Kimarekani. Aliyeibuni safari hiyo ya kuizunguka dunia, James E. Lough, alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha New York, na dai lake lilikuwa jepesi kulieleza: kijana hujifunza zaidi akiuona ulimwengu kwa macho yake kuliko akisomewa habari zake darasani. Meli ilirejea mwaka uliofuata, lakini sifa haikurejea nayo. Magazeti yalikuwa yameshajaza kurasa kwa habari za ulevi na utukutu wa wanafunzi katika baa za hoteli na vichochoro vya bandari, na Lough akapoteza kazi yake. Mwanahistoria Tamson Pietsch, katika kitabu alichokichapisha 2023 kuhusu chuo hicho kilichoelea, ameonyesha kwamba nyuma ya fedheha ile palikuwa na ugomvi mzito zaidi. Nani ana haki ya kusema kuwa anajua: aliyefika, au aliyefundishwa na wenye mamlaka ya kufundisha?

Vyuo vilijipa ushindi katika ugomvi huo, ila safari hazikukoma. Tangu 1963 mpango ulioanza kwa jina la University of the Seven Seas, na ambao leo hujulikana kama Semester at Sea, umekuwa ukiwachukua wanafunzi kutoka bandari hadi bandari, na Mombasa ni miongoni mwa bandari zilizowahi kufikiwa. Masomo hufundishwa baharini. Meli ikifunga gatini, huwa ni siku nne, tano, au sita za nchi kavu: somo humpeleka mwanafunzi nje kwa siku moja ya darasa, na siku zilizobaki hujaza mwenyewe kwa ziara anazochagua. Afikaye Mombasa anaweza kuimaliza Ngome ya Yesu na vichochoro vya Mji wa Kale kwa asubuhi moja, kisha akapanda gari kwenda kuwatazama ndovu wa Tsavo, akarudi kabla ngazi ya meli haijapandishwa.

Lawama inayozoeleka dhidi ya ziara za namna hii ni ufupi wake. Husemwa kuwa siku nne hazitoshi kuujua mji, na anayedai kuujua amejidanganya. Lawama hii ina ukweli, lakini haifiki kwenye kiini, na wasomi wa historia ya Waswahili wana sababu ya pekee ya kutoitegemea. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii takriban 1331, alilala Mombasa usiku mmoja tu. Kutokana na usiku huo dunia ilipata habari za kisiwa chenye ndizi, ndimu na zambarau, watu wa madhehebu ya Shafii, misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na waumini waliotawadha miguu kisimani kabla ya kuingia humo pekupeku. Karne saba baadaye mistari hiyo michache bado inasomwa na kunukuliwa, kwa kuwa hakuna mingi ya wakati ule inayoweza kushika nafasi yake. Kama ufupi wa ziara ungekuwa kosa lenyewe, ingebidi maktaba ya pwani ipunguzwe.

Kinachostahili kuangaliwa ni jinsi msafiri huyo alivyopokewa, na hapo habari zake za Mogadishu zina utajiri kuliko zile za Mombasa. Anasimulia kuwa chombo kilipokaribia mji, mashua ndogo zilikitokea, na ndani ya kila mashua walikuwamo vijana wa mji waliobeba sinia za chakula zilizofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sinia yake na kumtangaza kuwa ndiye mgeni wake. Tangu hapo mgeni hakufikia pengine ila nyumbani kwa mwenyeji huyo, isipokuwa kama alikuwa mtu aliyeuzoea mji na watu wake. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizotaka. Aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemuuzia kitu bila mwenyeji kuwapo, biashara yake haikutambuliwa. Ibn Battuta mwenyewe alipofuatwa na mmoja wa vijana hao, wenzake walieleza kwamba huyu si mfanyabiashara bali mwanachuoni. Papo hapo ikatangazwa kuwa ni mgeni wa kadhi. Kadhi akaja ufukweni pamoja na wanafunzi wake, akampeleka kwanza kwa sultani kama desturi ilivyotaka, na mwisho mgeni akalazwa katika nyumba ya wanafunzi. Siku ya nne, Ijumaa, aliletewa mavazi ya heshima ili aende msikitini. Siku nne ni muda uleule ambao meli ya masomo hukaa bandarini.

Isidhaniwe kuwa desturi hiyo ilikuwa sadaka. Kijana mwenye sinia alikuwa kazini, na nyumba aliyotoka ilitazamia faida. Methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone haijawahi kuficha kwamba mwenyeji naye ana haja zake. Kwa hiyo ile hoja ya pili inayopendwa, kwamba ziara za watalii zimeharibika kwa sababu zinauzwa, nayo haishiki vizuri. Ukarimu wa pwani na biashara ya pwani vimelala kitanda kimoja tangu zamani. Anayewataka wenyeji wa Mombasa au Unguja wampokee mgeni bila kuwaza senti anadai utakatifu ambao babu zao hawakuudai, na aghalabu anayedai hivyo yeye mwenyewe analipwa mshahara mwisho wa mwezi.

Kilichokuwapo kule na kisichokuwapo hapa ni dhamana. Mwenyeji wa Mogadishu alimdhamini mgeni mbele ya mji, na aliudhamini mji mbele ya mgeni. Mgeni akipunjwa, lilikuwapo jina la kuulizwa. Mgeni akikosea adabu, palikuwapo mlango wa kupeleka malalamiko. Kisha pepo zikaitia nguvu dhamana hiyo. Aliyekuja na kaskazi kutoka Uarabuni au Bara Hindi hakuweza kurudi mpaka kusi ianze kuvuma, naye katika miezi hiyo alilazimika kula, kukopa, kuugua, na mara nyingine kuoa, miongoni mwa watu walewale aliowauzia tende. Alichokisema juu yao jioni aliulizwa asubuhi. Kwa kadiri kubwa, lugha ya Kiswahili imenenepa kwa maulizo ya namna hiyo.

Mwanafunzi anayeshuka ngazi ya meli leo hana mwenyeji. Ana mtembeza watalii. Tofauti hii haina uhusiano na tabia ya mtu. Watembeza watalii wengi wanaijua miji yao vizuri kuliko maprofesa, na hata papasi wa Forodhani, ambaye jina lake tu ni tusi, huwa anazungumza lugha nne. Tofauti iko katika nafasi aliyowekwa. Anayelipwa kwa saa, tena kwa bahashishi itakayotolewa mlangoni mwa basi, na atakayepewa alama na mteja kabla ya jua kutua, hawezi kumwambia mteja huyo kwamba ameelewa vibaya. Kadhi aliweza. Mwenye nyumba aliweza. Mtembeza watalii akithubutu, kesho basi litampita.

Athari ya jambo hili juu ya ukweli yaweza kuonekana Mkunazini, Unguja. Hapo, kwenye uwanja wa soko la watumwa lililofungwa 1873, lilijengwa kanisa kuu la Kianglikana, na kando yake, chini ya jengo la zamani la wamisionari, vimo vyumba vyembamba vyenye dari ya chini ambavyo wageni huonyeshwa kuwa ndimo watumwa walimofungiwa wakisubiri kuuzwa. Wapo wanahistoria wanaoeleza kuwa jengo hilo lilisimamishwa baada ya soko kufungwa, na kwamba vyumba hivyo vilikuwa na kazi nyingine. Ubishi wa aina hiyohiyo umeizunguka kwa miaka mingi Nyumba ya Watumwa katika kisiwa cha Gorée, Senegal. Kuhoji chumba si kukanusha biashara. Soko lilikuwapo, watu waliuzwa pale, na kizazi chao kiko hai. Hata hivyo mgeni wa saa mbili hawezi kusimama mbele ya mkataba, hesabu za ushuru, au ukimya wa familia ambazo mpaka leo hazitaji nani alikuwa nani. Anahitaji mahali pa kuinamisha kichwa, na chumba chenye dari ya chini humwinamisha. Maelezo yakaufuata mwili wake.

Nani basi mwenye kosa? Mtembeza watalii anasema anachoulizwa. Mwanafunzi analia kwa machozi ya kweli, na si haki kuyadharau. Profesa aliyekuja nao anajua au angeweza kujua, lakini naye ni abiria. Kila mmoja ana udhuru, na udhuru wote unatoka chemchemi moja: kwamba hakuna kati yao atakayekuwapo wiki ijayo kuulizwa, ila yule mmoja ambaye riziki yake inamkataza kujibu. Uongo usio na mwenyewe ndio mgumu kuliko wote kuusahihisha.

Ugomvi wa 1926 ulimsahau mtu huyu. Lough alishikilia uzoefu, wapinzani wake wakashikilia utaalamu, na pande zote mbili zilichukulia kuwa atakayepima elimu ya mwanafunzi ni Mmarekani mwenzake. Hata leo insha ya darasa la nchi kavu huandikwa mezani ndani ya meli, husahihishwa ndani ya meli, na wakati inapopewa alama bandari iliyoandikwa imeshazama chini ya upeo wa macho. Lau ingesomwa na fundi wa milango ambaye karakana yake imeelezwa humo, huenda kosa moja au mawili yangeonekana mapema.

Waswahili wenyewe waliwahi kuwa upande wa pili. Selim bin Abakari, mtumishi wa Mjerumani Bumiller, alifuatana na bwana wake hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na simulizi yake imo katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901. Hapo mtazamaji ni mtu wa pwani, na Mzungu ndiye anayetazamwa, walau kwa sehemu. Maandishi yake yalipita mikononi mwa waliomwajiri na waliomtaka aandike, hivyo aliulizwa, tena kupita kiasi. Watu wa nyika za Siberia aliowaelezea hawakumsoma kamwe. Mfano huu unaonyesha kuwa kuulizwa na mwenye nguvu na kuulizwa na mwenye mji ni mambo mawili, na msafiri anaweza kubanwa na la kwanza huku akikwepa la pili.

Suala hili lina makali zaidi kwa msomaji wa ughaibuni, kwa maana yeye huteremka gatini akiwa na jina la ukoo. Kila Agosti na kila Disemba wapo watoto waliozaliwa Muscat, Leicester au Toronto wanaopelekwa Mombasa na Unguja kwa wiki mbili. Wengine hufikia kwa shangazi yao Kibokoni, wakalala watoto wanne kitanda kimoja, na siku ya pili wakakaripiwa, "We mwana, hapo hapakanyagwi na viatu!" Wengine wazazi wao huwakodia hoteli Nungwi au Nyali, na jamaa wakatembelewa mara moja, jioni, zawadi zikiwa mfukoni. Sababu zinajulikana na hazina aibu: jamaa ni wengi, maombi ni mengi, karo za watoto wa watu hazina mwisho, na likizo ni fupi. Ni halali kabisa kwa mtu kununua faragha yake. Lakini ajue anachonunua. Pamoja na kitanda kikubwa na maji ya moto, amenunua cheo cha abiria, na mtoto wake atarudi na picha za Ngome ya Yesu bila ya kukaripiwa na mtu yeyote.

Wenye kupanga safari za masomo wanaweza kufanya kitu. Insha inaweza kuachwa bandarini isomwe na mtu wa pale, alipwe kwa kazi hiyo kama anavyolipwa mwalimu, na alama yake ihesabiwe. Kazi ndogo yaweza kutangulia ziara, kwa kuwa wahenga walimpa mgeni jembe siku ya tatu, na siku ya tatu huifikia meli ingali gatini. Lakini hapa lipo pingamizi ambalo wapenda ukarimu hulipita upesi. Wanafunzi mia tano ni wengi kuliko sinia za mtaa wowote, na mwenyeji anayetakiwa kumsahihisha kila mgeni wa kila meli amegeuzwa chombo cha elimu ya watu wengine. Mwenye mji ana haki ya kufunga mlango wake, na ziara iliyopangwa vizuri lazima iwe na mahali pa mlango uliofungwa.

Kule Mogadishu mashua zilitoka kwanza. Kabla mguu wa mgeni haujagusa mchanga, vijana wa mji walikuwa wameshapanda chomboni, wameangalia waliomo, na wamesema huyu ni wangu, yule ni wa kadhi. Siku hizi orodha ya ziara za Mombasa hufunguliwa kwenye kompyuta kabla ya mwanafunzi kuondoka kwao, naye huchagua, hulipa, na hupewa risiti, wakati mji wenyewe haujajua bado kuwa anakuja.