Insha, Hadithi na Wajibu wa Mwenye Wazo

Mwanafunzi anayetaka kuchunguza swali la kimaadili, kwa mfano iwapo ni haki kumlaumu mtu kwa tendo ambalo hakuwa na uwezo wa kulikataa, ana njia mbili mbele yake. Anaweza kuandika insha, akafafanua dhana, akajenga hoja na kujibu pingamizi. Anaweza pia kubuni hadithi fupi, akamweka mtu mmoja mahali ambapo swali hilo halikwepeki. Mazoea ya taaluma huihesabu njia ya kwanza kuwa fikra na ya pili kuwa pambo la fikra. Makala hii inadai kwamba kila njia ina wajibu wake, na kwamba mwandishi huzipotosha zote mbili anapoikimbilia moja ili akwepe wajibu wa nyingine.

Mgawanyo huo hauna mizizi mirefu kama inavyodhaniwa. Plato, aliyewashuku washairi, aliandika falsafa yake kwa mazungumzo yenye wahusika. Katika Afrika Mashariki, majarida ya vyuo vikuu kama Penpoint la Makerere, lililoanza mwaka 1958, na Darlite la Dar es Salaam yaliwapa wanafunzi uwanja wa kubuni walipokuwa bado wakifundishwa kuhakiki. Ngũgĩ wa Thiong'o ni miongoni mwa waliochapisha hadithi zao za mwanzo katika Penpoint.

Hata hivyo, kuna pingamizi zito. Paulin Hountondji, mwanafalsafa wa Benin, alipoikosoa falsafa ya kikabila katika miaka ya 1970, alisisitiza kwamba falsafa inahitaji mtu anayelitamka wazo kama lake na aliye tayari kulijibia. Wazo lisilo na mwenyewe haliwezi kuhojiwa. Kwa kigezo hicho hadithi inatiliwa shaka: mwandishi akiulizwa juu ya kauli fulani, anaweza kujibu kwamba aliyesema ni mhusika. Je, hadithi si maficho ya mwenye wazo?

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Kichwamaji (1974), inasaidia kulijibu swali hilo. Msimulizi wake, Kazimoto, ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayesumbuliwa na swali la maana ya maisha, na hatimaye anajiua. Katika insha, kauli kwamba maisha hayana maana ingepimwa kwa uthabiti wa hoja zinazoitegemeza. Katika riwaya inapimwa pia kwa gharama yake. Chuki ya Kazimoto dhidi ya Manase, aliyemdhulumu dada yake Rukia, na ndoa yake na Sabina, dada wa Manase huyo huyo, zinaonyesha kwamba fikra za msomi haziishi kichwani mwake peke yake. Zinaingia katika nyumba za watu ambao hawakuzichagua. Insha inaweza kumsahau Sabina bila kuvunja kanuni yoyote ya mantiki. Riwaya haiwezi.

Hapa ndipo wajibu wa mbunaji unapoonekana. Hawezi kuhukumiwa kwa kila neno la mhusika wake, lakini anapaswa kuujibia mpango wa kazi nzima: nani amepewa sauti, nani amenyamazishwa, nani ameumia ili wazo lipate kuthibitishwa. Kwa hiyo maficho yanayohofiwa hayapo, isipokuwa kwa msomaji asiyeuliza maswali hayo.

Tofauti aliyoiweka Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi inafaa kutumiwa hapa. Katika utafiti wake juu ya falsafa ya wahenga, uliokusanywa katika kitabu cha mwaka 1990, alimtenga mhenga anayehifadhi na kueleza hekima ya jamii yake na mhenga anayeihoji hekima hiyo kwa hoja zake mwenyewe. Hadithi za kifalsafa nazo zaweza kugawanywa hivyo. Ipo hadithi inayorudia msimamo ambao mwandishi alikuwa nao kabla hajashika kalamu. Wahusika wake ni vipaza sauti, na anayepinga huumbwa mjinga ili ashindwe upesi. Na ipo hadithi ambayo msimamo wa mwandishi unakutana na mtu mwenye sababu nzuri za kuukataa. Ya kwanza ni mahubiri, hata kama lugha yake ni tamu. Ya pili ni uchunguzi.

Insha nayo haisalimiki. Mwanafunzi anayeandika kwa usahihi juu ya kifo, umaskini au usaliti bila kumfikiria hata mtu mmoja anayepitia hayo anaweza kupata hoja isiyo na kasoro na asijue anazungumzia nini. Kezilahabi mwenyewe hakuchagua upande mmoja: mwaka 1985 alikamilisha Marekani tasnifu ya uzamifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi, kisha akatoa Nagona (1990) na Mzingile (1991). Tasnifu haikuzifanya riwaya hizo kuwa za ziada.

Mtahini anayepokea hadithi fupi mahali pa insha hana haja ya kulegeza kipimo, wala ya kudai kwamba hadithi ihitimishwe kwa kauli ya wazi. Anapaswa kuuliza iwapo wazo limewekwa mahali ambapo lingeweza kushindwa. Swali hilo hilo ndilo analostahili kuuliza juu ya insha.