Shahidi Aliyepewa Zawadi

Je, mtu akipewa chombo bure na mwenye kukitengeneza, kisha akaandika kuwaeleza watu sifa zake, ushahidi wake wafaa kusikizwa? Na akiwa amesema kweli tupu, yawezekana bado amedhulumu? Suala hili laonekana dogo, na wengi wetu hulipita mbio. Walakini wako watu ambao kwao si dogo hata kidogo, kwani roho zao hutegemea jawabu lake. Nasi twapenda kulieleza kwa mfano wa watu hao, wasomaji wetu wapate kupima wenyewe.

Katika miji ya Marekani na Uingereza iko kazi ya ufundi wa miti. Mti mkubwa ukifa, au ukielekea kuangukia nyumba, mara nyingi hauwezi kukatwa shinani ukaachwa uanguke, kwa kuwa chini yake pana mapaa, kuta na njia ya watu. Basi fundi hupanda na msumeno wake, akaukata kipande kipande kutoka juu, na kila kipande kizito hufungwa kamba kabla ya kukatwa. Kamba hiyo hupita katika kapi lililofungwa kwenye shina kwa kitanzi kinene, ikashuka mpaka chini. Huko mwenzake ameizungusha katika chuma kilichofungwa kwenye mti, ili aweze kuizuia na kuiachia kidogo kidogo. Wenye kujua kazi za majahazi watafahamu upesi. Tofauti ni kuwa shehena ya jahazi hainuliwi mpaka kamba imekaza, ama gogo la mti mara nyingi huanguka kwanza, kisha ndipo kamba ilidake.

Hapo ndipo penye hatari. Gogo la kilo 200 likiteremshwa polepole huvuta kamba kwa uzito wake huo, lakini kapi na kitanzi chake hubeba karibu kilo 400, kwa sababu kamba yavuta pande zote mbili. Na likianguka mita moja au mbili kisha likazuiwa ghafla, mvuto wake waweza kuzidi uzito wake mara kadhaa. Mwaka 2008 idara ya Serikali ya Uingereza inayosimamia usalama wa kazini ilitoa ripoti ndefu ya utafiti juu ya kazi hii, jambo lionyeshalo kuwa si mchezo.

Basi vyombo vipya vya kazi hiyo hutokea kila mara, na majarida ya mafundi huandika uhakiki wa kueleza kipi chema na kipi kibaya. Na mafundi hubishana juu ya uadilifu wa uhakiki huo. Wako wasemao: "Huu si wa haki. Mwandishi amepewa kapi bure, na katika ukurasa unaofuata pana tangazo la yule yule aliyelitengeneza. Tangu lini mgeni akamtia aibu mwenye nyumba hali anakula katika sahani yake?" Na wako wajibuo: "Mwandishi ni fundi kama sisi, hawezi kuuza jina lake kwa kapi moja. Na wasomaji ni watu wazima wenye kujua kazi yao, na wapime wenyewe."

Sisi twaanza na neno hilo la mwisho. Mnunuzi wa embe aweza kulinusa na kulibonyeza, na akidanganywa khasara yake ni senti chache. Ama nguvu ya kamba haionekani kwa jicho. Hujui itakatika kwa uzito gani mpaka uikate, na ukiikata haifai tena. Namba iliyoandikwa na mtengenezaji hupatikana kwa kamba mpya, isiyo na fundo, inayovutwa taratibu kwa mashine. Kazini kamba ina mafundo, ina utomvu na mchanga, imepigwa na jua, na huvutwa kwa mshtuko. Hivyo mnunuzi, ajapokuwa hodari, hana budi kutegemea neno la mwingine aliyejaribu. Tena mwenye kulitegemea zaidi ni yule kijana asimamaye chini ya mti. Yeye hakununua, hakusoma, wala hakuulizwa.

Ama hoja kuwa mwandishi ni mtu mkweli, hatuna haja ya kuipinga. Wengi wao ni wakweli. Lakini zawadi ni nadra kumfundisha mtu mwema kusema uongo. Kazi yake kubwa ni kumfundisha kunyamaza. Tuseme ameandika kuwa kapi hili ni jepesi, lazunguka vizuri, na limetengenezwa kwa ustadi. Yote ni kweli. Hakuandika kuwa amelijaribu kwa matawi madogo tu, wala hakuliangushia gogo hata moja. Hakuandika kuwa pini yake ni taabu kuifunga mtu akiwa amevaa glavu. Kila sentensi ni kweli, na jumla yake ni khiana. Hali yake ni kama mwenye duka ajazaye kibaba sawasawa, na tende zilizooza akazitanguliza chini.

Marekani wamelitungia jambo hili kanuni. Tume ya serikali yao inayosimamia biashara, katika miongozo iliyorekebishwa mwaka 2009 na tena 2023, yataka kila mwenye kusifu kitu ataje wazi alichopewa na muuzaji, ikiwa msomaji asingelitazamia na kungegeuza jinsi apimavyo maneno yake. Na tangu tarehe 21 Oktoba 2024 iko sheria ikatazayo uhakiki wa uongo, na kununua maneno kwa sharti ya kusifu au kutukana. Twaona ni jambo jema. Walakini halitoshi. Mtu akikiri, "Nimepewa," amesema kweli juu ya nafsi yake, lakini bado hajasema lolote juu ya kapi. Kukiri zawadi si kujaribu chombo.

Wala tusimsahau mtengenezaji, naye ana haki yake. Huenda fundi akanunua kapi kwa fedha yake mwenyewe, akalitundikia gogo lisilo kadiri yake, likavunjika, naye akaenda akilitangaza ubaya kila mahali. Huyu hakupewa kitu, na amedhulumu vile vile.

Wengine hutaka ifuatwe njia ya chama cha wanunuzi kilichoundwa Marekani mwaka 1936, ambacho leo huitwa Consumer Reports. Chama hicho hununua chenyewe vitu kinavyovijaribu, wala hakichapishi matangazo ya wauzaji. Hapana shaka ni njia safi. Lakini jarida dogo la kazi ya watu wachache haliwezi kununua kila kitu, na likikataa kabisa kupokea, mtengenezaji mnyonge mwenye chombo kizuri kipya hatajulikana na mtu.

Kwa hivyo hatusemi zawadi ikatazwe kabisa. Twasema shahidi ataje chombo amekipata wapi, na kama amekirudisha. Amekitumia siku ngapi, kwa kazi gani na uzito gani. Na nini hakukijaribu. Tena aibu aliyoiona aiandike, na jawabu la mtengenezaji liwekwe kando yake. Mwenye kutimiza haya ushahidi wake wafaa kupokewa, ajapokuwa amepewa. Asiyetimiza haufai, ajapokuwa amenunua.

Na jambo hili haliko mbali nasi, ndugu wasomaji. Kila siku twaulizwa fundi gani ni mzuri, dereva gani ni mwangalifu, shule gani yafaa mtoto. Nasi hujibu upesi, pengine kwa kuwa fundi huyo ni shemeji yetu, au alitupunguzia bei. Mwenye kutuuliza huenda na neno letu, akamkabidhi mtu huyo nyumba yake au mwanawe. Likitokea la kutokea, sisi tutakuwa tumekaa kwetu salama.